Shamba gonjwa lisifukuliwe: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utafiti wa kilimo

Kwa: Waheshimiwa wajumbe wa bodi, mkurugenzi mkuu, wakurugenzi wa idara, na wote wenye kauli ya mwisho juu ya bajeti ya utafiti wa mazao

YAH: KUFUNGWA KWA SHAMBA LA MAJARIBIO YA MAGONJWA YA UDONGONI

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima.

Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mimea, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa moja: kuvu zinazoishi udongoni na kuua mazao kupitia mizizi. Nimekwisha kuwaandikia barua tatu kwa utaratibu wa kawaida, nikipitia ngazi zote zinazostahili. Ya kwanza nilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili nikaambiwa suala langu linafanyiwa kazi. Ya tatu haikujibiwa kabisa, ila wiki mbili baadaye niliwakuta vijana wawili wenye kamba na vigingi wakipima lile shamba, na nilipowauliza wakasema wametumwa kuweka alama mahali mtambo utakapoanza kuchimba kupisha jengo jipya. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sifanyi hivi kwa furaha, wala sina nia ya kumvunjia mtu heshima.

Wengi watakaosoma barua hii hawajui shamba gonjwa ni nini, kwa hiyo niruhusuni nianzie hapo.

Ni kipande cha ardhi kilichoambukizwa kwa makusudi. Letu ni la nyanya. Kila msimu tunapanda humo nyanya isiyo na ukinzani wowote, tunaiacha inyauke, tunaikatakata na kuirudisha udongoni, ili kuvu ya Fusarium oxysporum iletayo mnyauko iongezeke na, zaidi ya yote, isambae sawasawa shamba zima. Kazi inayokula miaka ni hiyo ya kusambaza. Kuvu za udongoni hukaa kwa mabaka: hapa zimejaa, hatua tatu mbele hakuna kitu. Ukipanda aina mpya ya nyanya kwenye udongo wa mabaka na ikasimama, huwezi kujua kama imesimama kwa sababu ni sugu au kwa sababu imebahatika kuangukia mahali pasafi. Ilituchukua misimu saba kufikia hatua ambayo mche usio sugu, upandwe kona yoyote ya shamba lile, unanyauka. Sasa tunaingia msimu wa kumi na mbili. Aina ikipita mle misimu kadhaa na kubaki imesimama, nina ujasiri wa kumwambia mkulima aipande.

Ningependa mje mlione. Njooni saa nane mchana, matunda yakiwa yameanza kujaa. Mtaona jani la chini limegeuka njano upande mmoja tu wa mshipa wake wa kati, upande wa pili bado wa kijani, kana kwamba mtu amepiga mstari na kupaka rangi nusu. Siku chache baadaye tawi zima upande ule linalegea. Matunda mabichi bado yananing'inia, mazito, na mkulima asiyejua anadhani ni kiu. Anamwagilia, mmea hauinuki. Chukueni kisu mkate shina karibu na ardhi, kwa mshazari. Moyo wa shina utakuta mweupe, mzima. Lakini chini tu ya ganda pana mviringo wa kahawia, rangi ya chai iliyokolea. Hiyo ndiyo mirija ya maji. Kuvu imeingia ndani yake, na mmea wenyewe katika kujihami umeiziba. Mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope.

Baada ya kusema hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Muda wa mradi haulingani na muda wa ugonjwa.

Fedha za utafiti zinatolewa kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza unaisha kwenye manunuzi na vibali, wa pili tunafanya kazi, wa tatu tunaandika ripoti na kuomba fedha nyingine. Kuvu haina ratiba hiyo. Fusarium ikikosa mmea wa kula hujifunga ndani ya chembe zenye ukuta mnene, tunaziita klamidospora, na humo inaweza kungoja miaka mingi. Ile inayoozesha kitunguu kwa ukungu mweupe, Sclerotium cepivorum, inaacha udongoni vidonge vyeusi vidogo kuliko punje ya ulezi, navyo vimeonekana kuishi zaidi ya miaka 20. Vinalala tu. Mizizi ya kitunguu au kitunguu saumu ikipita karibu, vinaisikia harufu yake ya salfa na kuamka. Mkulima aliyeacha kulima vitunguu tangu mwanawe yuko darasa la kwanza anaweza kumrithisha mwana huyo, akiwa mtu mzima, shamba lenye ugonjwa uleule.

Tunawezaje kuusoma ugonjwa wa namna hii kwa mkataba wa miaka mitatu?

Naomba mtazame mfano mmoja. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uingereza, shamba la Broadbalk limekuwa likipandwa ngano tangu 1843. Ngano ikirudiwa ardhi ileile mwaka hadi mwaka, mizizi yake hushambuliwa na kuvu iitwayo Gaeumannomyces tritici, inaoza na kuwa myeusi, na mavuno yanashuka. Mtu aliyepewa miaka mitatu angeandika kwamba kurudia ngano ni kujiangamiza, na angefunga jalada. Waliovumilia waliona jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: baada ya miaka kadhaa ya hali mbaya, ugonjwa unapungua wenyewe, ngano ikiwa bado inarudiwa. Baadaye watafiti wa Marekani, wakiwemo R. James Cook na David Weller, walionyesha kwamba kwenye udongo wa namna hiyo bakteria wa jamii ya Pseudomonas wamejijenga kuizunguka mizizi, na wanatoa kemikali inayoizuia kuvu. Udongo ulikuwa umejitengenezea kinga. Maarifa hayo yalipatikana kwa sababu kuna watu waliachwa wabaki na shamba moja, gonjwa, kwa muda mrefu.

Kwenye shamba letu kuna pembe moja ambako tangu msimu wa tisa mnyauko umekuwa ukichelewa. Mbegu ni ileile, maji ni yaleyale, na kuvu tukiipima ipo. Sijui bado ni nini. Inaweza kuwa si kitu. Lakini pembe hiyo ndiyo kigingi cha kwanza kilipochomekwa.

2. Kulifukua shamba hili ni kuusambaza ugonjwa.

Hili linaninyima usingizi kuliko yote. Nimeelezwa kwamba udongo wa juu utachotwa na kupelekwa kwenye vitalu vya miche na bustani, kwa kuwa "ni udongo mzuri, mweusi". Ni kweli ni mweusi. Tumeulisha mabaki ya mimea misimu kumi na moja. Kila kiganja chake kimejaa klamidospora. Kuupeleka kitaluni ni kuuingiza ugonjwa kwenye kila trei ya miche, na kupitia trei hizo kwenye kila shamba litakalonunua miche hiyo. Hakuna njia ya kuurudisha.

Historia ya ndizi inatosha kutufundisha. Aina ya Gros Michel, iliyokuwa ikitawala biashara ya ndizi duniani, ilishindwa na mnyauko wa Fusarium katika karne iliyopita, ikabidi mashamba makubwa yahamie Cavendish. Kisha ikaja kuvu nyingine ya jamii hiyohiyo, iitwayo TR4, inayoiua Cavendish. Mwaka 1997 ilithibitishwa kaskazini mwa Australia, 2013 Msumbiji, 2019 Kolombia, 2021 Peru. Kuvu haina miguu wala mabawa ya kuvukia bahari. Inabebwa na watu: udongo uliogandia kwenye buti, kwenye matairi, kwenye jembe la trekta, kwenye miche inayoonekana mizima. Kuvu yetu ni ya nyanya na haitagusa mgomba. Kila moja ina mmea wake. Lakini njia ya kusafiria ni ileile, na safari hii mnaipa lori.

Langoni kwetu kuna beseni la dawa ya kukanyagia na jozi za buti zisizotoka nje ya uzio. Hata mimi, baada ya miaka yote hii, navua. Vijana wale wenye kamba waliruka uzio wakiwa na viatu vyao vya kawaida na kuondoka navyo. Siwalaumu wao; hakuna aliyewaambia.

3. Hazina ya kuvu hai inakufa kimyakimya.

Tuna mirija ya kioo yenye kuvu zilizokusanywa mashambani kwa miongo kadhaa, nyingine zikiwa na lebo za mwandiko wa mafundi ambao wamekwisha kustaafu. Jokofu linalozihifadhi limeharibika mara mbili. Kila mara tumelazimika kuziamsha na kuzikuza upya kwenye sahani ili zisife, na kila mmoja kati yenu aliyewahi kufanya kazi ya maabara anajua Fusarium ikikuzwa mara kwa mara kwenye chakula cha sahani husahau kuua: inabaki na pamba yake nzuri nyeupe na ya zambarau, lakini ukiirudisha kwenye mche, mche unastawi. Kuvu iliyosahau hivyo haina kazi tena kwetu.

4. Mafundi.

Wako kwenye mikataba ya miezi sita. Kuchuja udongo kwa maji, kukaa kwenye hadubini saa nne na kutofautisha kidonge cha Verticillium, kuvu nyingine ya udongoni, na punje ya mkaa, si kazi ya kujifunza kwa miezi sita. Sina la kuongeza hapo.

5. Matokeo yanazuiwa yasiwafikie wakulima.

Aina moja ya nyanya iliyokuwa ikigawiwa kama sugu ilinyauka kwenye shamba letu msimu mzima, mistari yote mitano. Nilitoa taarifa wiki ileile. Nikaambiwa tusubiri chapisho la kitaaluma litoke, ili tusiwatie watu hofu. Wakulima waliendelea kuipanda misimu miwili zaidi. Waheshimiwa, funika kombe mwanaharamu apite haifai kwenye kazi yetu. Mtu aliyekopa ili anunue mbegu hawezi kungoja jarida.

Sasa najua majibu yatakayotolewa, kwa maana nimekwisha kuyasikia kwenye vikao.

Mtasema dawa zipo. Iliyokuwa na nguvu kuliko zote ilikuwa gesi ya methili bromidi, na ilikuwa ikitoboa tabaka la ozoni. Iliingizwa kwenye Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, mwaka 1992, na nchi zilizoendelea zikatakiwa kuiacha kufikia 2005, zinazoendelea kufikia 2015, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Viuakuvu vya kumwaga chini havifiki kina ambako klamidospora zimelala, na vile vinavyofika vinaua pia wadudu na bakteria wanaoizuia kuvu, hivyo anayerudi wa kwanza kwenye ardhi iliyobaki tupu mara nyingi ni yuleyule tuliyetaka kumtoa. Njia zilizosaidia bila sumu zilitoka kwa watu waliokaa na udongo mgonjwa wakauchunguza: kutandaza nailoni angavu juu ya udongo wenye unyevu ili jua liuchemshe, kama walivyofanya Jaacov Katan na wenzake nchini Israel katika miaka ya 1970, au kubebesha, yaani kuunganisha chipukizi la tikiti maji juu ya shina la mmumunye, kama wakulima wa Japani na Korea walivyoanza katika miaka ya 1920 walipochoshwa na mnyauko wa Fusarium wa tikiti.

Mtasema aina sugu tayari zipo. Ndiyo, zipo, na kwa nyanya zilianzia kwenye jeni iliyotolewa kwa nyanya pori iitwayo Solanum pimpinellifolium. Ilifanya kazi mpaka kuvu ilipozaa kizazi kinachoipita. Ikatafutwa jeni ya pili. Kuvu ikazaa kizazi cha tatu. Sasa tunayo jeni ya tatu, na kuvu bado iko kazini. Tukifunga shamba la kupimia, kizazi kinachofuata kitatangazwa na wakulima wenyewe, kwa hasara yao, miaka kadhaa baada ya kuingia.

Wengine watasema siku hizi kuna vipimo vya DNA, shamba la nini? Vipimo hivyo navitumia kila wiki na siwezi kurudi nyuma. Vinaniambia kuvu ipo na kwa wingi gani, ingawa mara nyingine vinahesabu hata iliyokwisha kufa. Haviniambii kama mmea utasimama. Hata chungu cha kitaluni hakiniambii yote, kwa sababu udongo wake umechemshwa. Shambani kuna minyoo fundo inayotoboa mizizi na kuudhoofisha mmea, na aina ambayo ilikuwa imara chunguni inaanguka pale minyoo na kuvu vinapokutana.

Na mtasema hakuna fedha, au kwamba jengo ni la lazima na shamba linaweza kuanzishwa kwingine. Kuhusu jengo, nakubali kwamba linahitajika. Vyumba tunavyobanana navijua. Lakini shamba hili halili fedha nyingi: mbegu, maji, uzio, na mikono miwili ya kupalilia. Kulianzisha kwingine maana yake ni misimu mingine saba ya kungoja, na kuichafua kwa makusudi ardhi nyingine iliyo safi, wakati hii iliyokwisha kuchafuliwa haitasafika kwa kumwagiwa zege upande mmoja na kuchotwa upande mwingine. Upande wa mashariki wa kiwanja uko wazi na haujawahi kuguswa na majaribio yetu. Mchoro unaoonyesha jengo lilelile likisimama huko niliuambatisha kwenye barua ya pili.

Kwa hiyo ninaomba haya:

(a) Uchimbaji usimamishwe leo, na gramu moja ya udongo isitoke ndani ya uzio ule kabla watafiti wa magonjwa ya mimea hawajaandika masharti ya jinsi ya kuushughulikia.

(b) Shamba litengwe rasmi kwa miaka isiyopungua 20, liwe na fungu lake dogo kwenye bajeti ya kawaida, lisitegemee mradi wa mtu yeyote, hata wangu. Nikistaafu, libaki.

(c) Hazina ya kuvu ihifadhiwe kwa kukaushwa na kugandishwa, na nakala yake iwekwe kwenye jengo tofauti.

(d) Mafundi wawili wenye uzoefu waajiriwe kwa kudumu.

(e) Aina yoyote ikishindwa kwenye shamba gonjwa, taarifa iwafikie maofisa ugani na wakulima ndani ya siku 30, chapisho liwe limetoka au halijatoka.

(f) Mtu mmoja mwenye jina na cheo ateuliwe kujibu barua hii kwa maandishi.

Kama kuna jambo nililokosea kulieleza, nipo tayari kusahihishwa mbele ya kikao chochote, na nitakuja na vitabu vyote vya kumbukumbu za shamba tangu msimu wa kwanza. Kama kuna sababu ya uamuzi huu ambayo sikuambiwa, nistahilisheni kuambiwa sasa, pamoja na wakulima ambao kazi hii inafanywa kwa ajili yao.

Miche ya msimu wa kumi na mbili iko kwenye trei: aina kumi na nne mpya, na moja isiyo sugu ya kulinganishia. Leo asubuhi ilikuwa na majani mawili halisi. Ikifika manne au matano ni lazima ihamishiwe shambani, na hapo zimebaki kama wiki mbili. Nimewaambia mafundi waandae mistari kama kawaida, kuanzia pembe ile yenye kigingi.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika utumishi,

Mtafiti wa magonjwa ya mimea

Nakala: vyama vya wakulima wa mboga, maofisa ugani, watafiti wenzangu